Ukaguzi wa masasisho katika seva ya Linux

Ukaguzi wa masasisho ni kazi ya kuthibitisha ni vifurushi vipi vya programu vilivyosasishwa katika seva ya Linux, vilisasishwa lini, na kama toleo jipya ndilo linalotumika kweli. Seva haihesabiwi kuwa salama mpaka maswali yote matatu yapate majibu, na kila swali lina mahali pake pa kuulizwa.

Hifadhidata ya vifurushi

Debian na Ubuntu husimamia vifurushi kwa dpkg, kwa kawaida kupitia apt. Red Hat Enterprise Linux, Fedora na SUSE hutumia RPM. Mifumo yote miwili hutunza hifadhidata ya kila kifurushi na toleo lake. Amri dpkg -l huitoa orodha hiyo upande wa Debian, na rpm -qa upande wa RPM. Ukiandika rpm -qa --last, vifurushi hupangwa kwa tarehe ya kusakinishwa, kipya kikitangulia.

Masasisho yanayosubiri huonekana kwa apt list --upgradable au dnf check-update. Kwenye Debian na Ubuntu ni lazima kutanguliza apt update, ambayo huleta orodha mpya kutoka kwenye hazina za mtandaoni. Bila hatua hiyo, seva iliyoachwa nyuma kwa miezi huweza kuonekana haidaiwi sasisho lolote.

Historia ya masasisho

Faili /var/log/apt/history.log hutaja tarehe, amri iliyotolewa, na toleo la zamani na jipya la kila kifurushi. Kumbukumbu za nyuma hubanwa kuwa faili za .gz, zinazosomeka kwa zless. Kwenye Fedora na jamaa zake, dnf history huipa kila shughuli namba, na dnf history info hufafanua yaliyofanyika.

Namba ya toleo

Namba ya toleo peke yake hupotosha. Mnamo Aprili 2014 ulitangazwa udhaifu wa Heartbleed, wenye namba CVE-2014-0160, katika maktaba ya OpenSSL kuanzia toleo 1.0.1 hadi 1.0.1f. Waundaji wa OpenSSL waliuziba katika 1.0.1g. Debian 7 haikuhamia toleo hilo: ilibaki na 1.0.1e, ikatia kiraka humo humo na kukiita kifurushi 1.0.1e-2+deb7u5. Aliyesoma "1.0.1e" tu angedhani seva bado iko hatarini. Ushahidi umo katika sehemu ya mwisho ya namba na katika orodha ya mabadiliko ya kifurushi, inayosomwa kwa apt changelog au rpm -q --changelog. Humo hutafutwa namba ya CVE yenyewe.

Kilichosakinishwa na kinachotumika

Kusakinisha maktaba mpya hakuiondoi ya zamani kwenye kumbukumbu ya mashine. Huduma iliyoanza kabla ya sasisho huendelea kutumia msimbo wenye kasoro hadi izimwe na kuwashwa tena. Ndiyo sababu kutibu Heartbleed kulidai pia kuwasha upya seva za wavuti. Huduma za namna hiyo hubainishwa na needrestart kwenye Debian na Ubuntu, needs-restarting kwenye Red Hat, na zypper ps kwenye SUSE.

Kerneli nayo hukaguliwa kwa kulinganisha jibu la uname -r, yaani kerneli inayoendesha mashine sasa hivi, na ile mpya kabisa iliyomo kwenye hifadhidata. Zikitofautiana, mashine haijawashwa upya. Ubuntu huonya kuhusu hilo kwa kuunda faili /var/run/reboot-required.

Mipaka ya ukaguzi

Hifadhidata hujua tu vifurushi vilivyopitia kwake. Programu zilizojengwa kutoka msimbo chanzi, moduli za Python zilizowekwa kwa pip, na yaliyomo ndani ya kontena za Docker hayamo katika orodha hizo. Ukaguzi kamili huyafuata pia hayo, kila moja kwa zana zake.