Katherine Johnson: Mwanamke Mweusi aliyehakiki hesabu za safari ya anga

Tarehe 20 Februari 1962, Mmarekani John Glenn alirushwa kwa roketi kutoka Cape Canaveral, jimbo la Florida, akaizunguka Dunia mara tatu kwa muda usiotimia saa tano. Kabla ya safari aliomba jambo moja: hesabu zilizotolewa na kompyuta zirudiwe na mtu. Mtu mwenyewe alimtaja kama "yule msichana". Msichana huyo alikuwa na miaka 43, mama wa mabinti watatu na mwalimu wa zamani wa shule. Jina lake ni Katherine Johnson.

Familia iliyohama kwa ajili ya shule

Katherine alizaliwa tarehe 26 Agosti 1918 huko White Sulphur Springs, jimbo la West Virginia, akiwa kitinda mimba wa watoto wanne. Baba yake, Joshua Coleman, alikuwa mkulima na mtu wa vibarua vya kila aina. Mama yake, Joylette, alikuwa mwalimu. Tangu utotoni alipenda kuhesabu: hatua za kwenda kanisani, hata sahani alizoosha.

Wakati huo Marekani ilitenga watu kwa rangi. Katika wilaya yao, shule za watoto Weusi ziliishia darasa la nane. Wazazi hawakukubali watoto wao waishie hapo. Masomo yalipoanza, mama na watoto walihamia Institute, umbali wa karibu kilomita 200, na baba akabaki nyumbani akitafuta riziki. Katherine aliingia sekondari akiwa na miaka 10, na mwaka 1937, akiwa na miaka 18, alihitimu chuo katika hisabati na Kifaransa. Mwalimu wake, W. W. Schieffelin Claytor, alikiona kipaji chake akamwandalia somo maalumu la jiometri.

Kompyuta walikuwa watu

Mwaka 1953 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa ndege cha Langley, mjini Hampton, Virginia. Wakati huo "kompyuta" lilikuwa jina la kazi ya mtu: aliyeshinda mezani na penseli, karatasi na mashine ndogo ya kujumlisha, akikokotoa hesabu za wahandisi. Wengi wao walikuwa wanawake. Wanawake Weusi walikuwa na kitengo chao, kikiongozwa na Dorothy Vaughan, pamoja na vyoo vyao na meza yao ya chakula.

Baada ya wiki mbili tu, Katherine alihamishiwa kwa wahandisi wa safari za ndege. Huko aliona wanaume wakiingia mikutanoni na wanawake wakibaki nje. Akauliza kama kuna sheria inayomkataza kuingia. Haikuwepo, naye akaingia. Mwaka 1960 aliandika ripoti pamoja na mhandisi Ted Skopinski, na ikawa mara ya kwanza kwa mwanamke wa idara hiyo kutajwa kama mwandishi wa ripoti.

Walioona filamu ya mwaka 2016 kuhusu wanawake hawa watakumbuka Katherine akikimbia mbali kutafuta choo cha Weusi. Kwa kweli, yeye alitumia choo kilichokuwa karibu bila kujali. Aliyepata fedheha ya choo ni mwenzake, Mary Jackson, ambaye baadaye alikuja kuwa mhandisi.

Kuhesabu kutoka mwisho

Msikilizaji, ukitaka kuwahi basi la saa 12 asubuhi, unaanza na saa ya basi kuondoka, unatoa muda wa kutembea na wa kujiandaa, ndipo unajua uamke saa ngapi. Katherine alifanya vivyo hivyo: alianza na mahali chombo kinapotakiwa kushuka, kisha akarudi nyuma hadi kupata mwelekeo na wakati wa kukirusha.

Ugumu ni kwamba Dunia nayo inazunguka, na chombo kinakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa. Hiyo ni karibu kilomita nane kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja kuwasha roketi za kupunguza mwendo, chombo kinapitiliza kilomita hizo nane baharini.

Kwa safari ya Glenn, Katherine alirudia hesabu za kompyuta kwa mashine yake ya mezani kwa muda wa siku moja na nusu. Majibu yakalingana. Glenn akaruka, akashuka salama katika bahari ya Atlantiki, na meli ya jeshi la majini ikamchukua.

Sauti kutoka Tunguu

Chombo kikishazama upande wa pili wa Dunia, redio za Marekani haziwezi kukifikia. Kwa hiyo vituo vya mawasiliano vilijengwa sehemu mbalimbali za dunia, kimojawapo Tunguu, Unguja, wakati Zanzibar ikiwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Glenn alipopita eneo letu, alizungumza kwa redio na wahudumu wa kituo hicho. Kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Miaka ya baadaye

Katherine alishiriki pia hesabu za safari ya mwezini ya mwaka 1969, akastaafu mwaka 1986 baada ya miaka 33 kazini. Mwaka 2015, akiwa na miaka 97, Rais Barack Obama alimvisha nishani ya juu kabisa ya raia nchini Marekani. Alifariki dunia tarehe 24 Februari 2020, akiwa na miaka 101.

Kwa mwanafunzi anayeuliza hesabu za pembe, latitudo na longitudo zina kazi gani: ndizo hizo Katherine alizotumia kujua mahali ambapo mtu kutoka angani angeshuka.