Historia Iliyofungwa Ndani ya Gurudumu

Watu wanaposimulia historia ya motokaa, aghalabu husimulia habari za injini na mwendo. Habari za kulisimamisha gari huachwa nyuma. Walakini wasafiri wa kwanza kabisa waliipata shida hiyo mapema. Mwezi wa Agosti mwaka 1888 Bibi Bertha Benz wa Mannheim, nchini Ujerumani, alilitwaa gari la magurudumu matatu lililobuniwa na mumewe Karl, akafuatana na wanawe wawili, Eugen na Richard, wakasafiri mpaka Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Breki za gari lile zilikuwa vipande vya ubao vilivyokandamizwa juu ya magurudumu, navyo vikaanza kulika katika miteremko. Inasimuliwa kwamba bibi huyo alikwenda kwa mshona viatu, akamwagiza avipigilie ngozi. Hivyo kazi ya kutengeneza breki inayokumbukwa kabla ya nyingine zote ilifanywa na fundi wa viatu, kwa shauri la mwanamke ambaye hakufundishwa kazi ya gereji, maana gereji yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Tangu siku ile breki imepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja ameacha alama yake. Alama hizo zaweza kuonekana zote pamoja katika gurudumu moja la Land Rover ya zamani. Basi, msomaji, na tulifungue gurudumu hilo, kama alifunguavyo kijana atengenezaye breki kwa mara ya kwanza.

Gari lenyewe lilizaliwa kwa dhiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia chuma kiligawiwa kwa kipimo nchini Uingereza. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, naye alitumia humo Jeep ya Kimarekani iliyosalia vitani. Akaona kwamba kampuni yake yaweza kuwaundia wakulima gari la namna hiyo. Bodi ikafanywa kwa aluminiamu, kwa kuwa ilipatikana kwa urahisi kuliko chuma, na tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa Amsterdam. Halikukaa mashambani tu. Katika Kenya liliwachukua maofisa wa wilaya, madaktari wa mifugo na walinzi wa wanyama. Liliwachukua pia askari wa serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wala si kila aliyeisikia sauti yake likija aliifurahia. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 liliendelea kutumiwa na serikali mpya. Barabara zake zilikuwa kama ile iteremkayo ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu, ambayo wafungwa wa vita wa Kiitalia waliijenga wakati wa vita hivyo. Mahali kama hapo abiria huiweka roho yake mikononi mwa yule aliyezifunga breki mara ya mwisho.

Kabla ya kuinua gurudumu, mwanafunzi wa kazi hii hana budi kujua jambo moja. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma yenyewe. Katika Land Rover za zamani hushika mhimili utokao kwenye giaboksi kwenda nyuma, kwa dramu ndogo ya peke yake. Lakini katikati ya ekseli mna gia za difu, ambazo huliwezesha gurudumu moja kuzunguka mbele na lenzake nyuma hata mhimili ukiwa umefungwa. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile lililobaki chini halina tena cha kulizuia; gari laweza kubingirika na kumwangukia mtu, ijapokuwa breki ya mkono imevutwa mpaka mwisho. Kwa hiyo magurudumu yaliyobaki chini huwekewa kingo mbele na nyuma, na gari hulazwa juu ya stendi imara za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Si ya kutegemewa na mtu aliye chini ya gari.

Gurudumu likiondolewa, huonekana dramu, chombo kizito cha chuma mfano wa sufuria iliyolazwa ubavu. Wilhelm Maybach alitia dramu katika magurudumu ya nyuma ya Mercedes ya mwaka 1901. Mwaka uliofuata Louis Renault wa Ufaransa akajipatia sifa kwa breki zenye viatu vinavyotanuka ndani ya dramu, mahali ambapo tope haliingii kwa urahisi. Dramu ya Land Rover hushikwa na skrubu tatu tu, ambazo kazi yake ni ndogo, kwani nati tano za gurudumu ndizo zibebazo mzigo. Hata hivyo kutu huzikamata skrubu hizo kiasi cha kuweza kumla mtu asubuhi nzima. Hutakiwa mafuta ya kulegeza kutu, bisibisi ijaayo sawasawa katika mfereji wa skrubu, na subira. Afadhali pia kulegeza kwanza viatu vya breki kwa nati iliyo nyuma ya bamba, maana dramu iliyolika huwa na ukingo wa ndani unaovinasa viatu isitoke.

Ndani mna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga. Hapa ndipo werevu wa chombo hiki ulipo. Gari liendapo mbele, dramu huzunguka na kukikokota kiatu kinachotangulia, nacho huzidi kujikaza. Yaani mwendo wa gari lenyewe huongeza nguvu ya mguu wa dereva. Kiatu kinachofuata husukumwa mbali na dramu, na kazi yake ni hafifu zaidi. Katika Land Rover ndefu, ile ya inchi 109, viatu vyote viwili vya kila gurudumu la mbele vilipangwa vitangulie. Breki hizo zina nguvu gari liendapo mbele. Bali dereva aliyeshindwa kupanda mlima, gari likaanza kurudi kinyumenyume, huzikuta zimepungua nguvu saa ile ile anapozihitaji. Mpangilio wa viatu na springi zake hauna budi basi kurudishwa kama ulivyokuwa. Mafundi wenye busara hufungua upande mmoja tu kwa wakati, ili upande wa pili ubaki kuwa kielelezo.

Juu ya kila kiatu pana bamba la msuguano, ambalo mafundi huliita lainingi. Hili ndilo mrithi wa ile ngozi ya mshona viatu. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianza kutengeneza vifaa bora vya breki za mikokoteni, na baadaye asbesto ikatumika kwa kuwa huvumilia moto. Kwa miaka mingi ulimwengu uliisifu. Ikaja kujulikana kwamba vumbi lake huleta saratani na maradhi ya mapafu, na mwaka 1999 Uingereza ikaipiga marufuku. Gari kuukuu laweza kuwa bado na lainingi za zamani; kwa hiyo vumbi lililo ndani ya dramu halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu, bali hulowanishwa na kupanguswa kwa kitambaa, nacho kikafungwa na kutupwa. Lainingi iliyolowa mafuta ya ekseli haisafishiki; hubadilishwa, pamoja na za gurudumu la upande wa pili, gari lisije likavuta upande mmoja.

Vinavyovisukuma viatu ni silinda ndogo na mafuta yake. Breki za kwanza zilivutwa kwa fito na nyaya, na kuzisawazisha kulikuwa taabu. Malcolm Loughead wa Marekani alitumia kanuni ya Mfaransa Blaise Pascal, kwamba kimiminiko kilichofungiwa hupeleka msukumo sawasawa kila upande. Mwaka 1921 motokaa ya Duesenberg ikatolewa ikiwa na breki za namna hiyo katika magurudumu yote manne. Lakini Land Rover za kwanza zilikuwa na njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote, na bomba moja likipasuka breki zote za mguu hupotea. Silinda inayovuja kwa hiyo si jambo la kuahirisha. Wala mafuta ya injini yasitiwe humo, kwa kuwa huozesha mipira ya silinda.

Udhaifu wa dramu ni joto. Ikipata moto katika mteremko mrefu hutanuka na kujitenga na viatu, kanyagio likazidi kushuka. Frederick Lanchester aliandikisha breki ya sahani mapema, mwaka 1902. Hata hivyo sifa yake ilienea baada ya Jaguar kushinda mashindano ya Le Mans kwa breki hizo mwaka 1953, na Land Rover ikazipata katika magurudumu ya mbele mwaka 1983.

Dramu ikisharudishwa, nati ya nyuma ya bamba huzungushwa mpaka kiatu kiguse, kisha hulegezwa kidogo gurudumu lipate kuzunguka huru. Hufuata kutoa upepo katika mafuta, kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi, kwa sababu upepo hubonyea na mafuta hayabonyei. Kanyagio likiwa gumu chini ya mguu, fundi mzoefu huitwa aikague kazi yote. Ndipo gari hujaribiwa polepole mahali tambarare, mbali na watu, na viatu hukazwa tena baada ya safari chache, lainingi mpya zikishazoeana na dramu.