Dawa ya Malaria kwa Asiye na Malaria

Msomaji wangu, dada yangu mkubwa anakaa Ruiru, na kila siku huenda Thika kwa kazi yake ya kushona. Kwa muda wa miaka miwili vidole vyake vilivimba na kumwuma kila asubuhi, nywele zikamdondoka, na kila alipokaa juani mashavu yake yakatoka vipele vya rangi ya damu ya mzee. Alitibiwa malaria mara tatu na homa ya matumbo mara mbili, katika zahanati moja baada ya nyingine. Hatimaye daktari mmoja aliipima damu yake, akamwambia kuwa ana ugonjwa wa lupasi, akampa vidonge.

Alipofika nyumbani aliisoma karatasi ya dawa, akaona kwamba vidonge vile ni vya ukoo mmoja na klorokwini, ile dawa chungu tuliyomezeshwa utotoni. Akavifungia kabatini. "Mdogo wangu," akaniambia, "wamerudia yale yale."

Mimi ni mwalimu, na mwalimu huona haya kukosa jibu. Basi nilikwenda kutafuta habari za jambo hili, nami nakusimulia niliyoyapata.

Jina la ugonjwa huu latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbwa mwitu, kwani matabibu wa kale wa Ulaya waliona vidonda vya usoni vikafanana na majeraha ya kuumwa. Mwaka 1851 Cazenave, tabibu wa ngozi wa Paris, aliutenga na magonjwa mengine ya ngozi akaupa jina lake la leo. Na mwaka 1872 Kaposi wa Vienna alionyesha kwamba hauishii ngozini, bali waweza kuingia hata ndani ya mwili. Lakini asili yake ilibaki fumbo. Mwaka 1948 Hargraves na wenzake, huko Marekani, waliona katika hadubini chembe za damu zilizokuwa zimemeza viini vya chembe nyingine za mwili ule ule. Tangu hapo wataalamu walizidi kuelewa kwamba kinga ya mwili, ambayo ni askari wetu dhidi ya maradhi, katika lupasi huwageukia wenyeji: viungo, ngozi, na mara nyingine figo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1951, daktari Page wa London aliwapa wagonjwa wake mepakrini, dawa ya malaria waliyokuwa wakimeza askari wa Vita Vikuu vya Pili, naye akaona vipele vikififia. Dawa za jamii hiyo huituliza kinga iliyokasirika. Haidroksiklorokwini, ndiyo hiyo aliyoifungia dada kabatini, yatumika mpaka leo duniani kote. Daktari wake hakukosea.

Ningeweza kuishia hapo, lakini malaria na lupasi zina udugu wa ndani zaidi. Mwaka 1968 daktari Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ya namna ya lupasi ni machache mno hospitalini kwao, akakisia kwamba vimelea kama vya malaria huishughulisha kinga hata isiwageukie wenyeji. Mwaka 1970 yeye na wenzake waliwaambukiza malaria panya wenye asili ya kupata ugonjwa kama huo, na ugonjwa ukapungua. Dai la uchache, kwa maoni yangu, lataka tahadhari. Asiyepimwa hahesabiwi, kwa miaka miwili dada yangu alihesabiwa kuwa mgonjwa wa malaria.

Kisha likaja jambo la Kilifi, huku kwetu. Mwaka 2010 wataalamu wa Cambridge, pamoja na wenzao waliochunguza watoto wa Kilifi, walitoa habari za jeni moja iliyo kama breki ya kinga. Wako watu waliorithi kwa baba na kwa mama breki iliyolegea. Watoto wa namna hiyo walipatwa na malaria kali kwa uchache, karibu nusu ya wenzao. Lakini breki hiyo hiyo iliyolegea huzidisha hatari ya lupasi. Nayo huonekana zaidi kwa watu wa Afrika na wa Kusini-Mashariki mwa Asia kuliko kwa Wazungu. Kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ilichaguliwa na wataalamu wa Ruiru ili ishinde ugonjwa wa kuozesha buni. Sisi wanadamu tulichaguliwa na mbu. Babu zetu walitoka kandokando ya ziwa, kwenye malaria nyingi; baba alikuja Thika kutafuta kazi ya kiwanda, mahali pa juu penye malaria chache. Hakuna aliyempima dada jeni hiyo, wala sidai kwamba anayo.

Tena kurithi jeni si sawa na kuitumia. Fikiri kiwanda cha Thika chenye mitambo mingi: si yote inayowashwa siku moja. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani waliona kwamba katika damu ya wagonjwa wengi wa lupasi imewashwa mitambo ya intaferoni, ambayo ni king'ora cha kutangaza virusi, ingawa virusi havipo. Kwa wengine king'ora hulia sana, kwa wengine kidogo. Ndiyo sababu moja ya wagonjwa wawili kutofanana. Mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi wa chembe za damu zaidi ya milioni moja, zilizotoka kwa watu wa asili ya Asia na Ulaya. Nilitafuta watu wetu humo, nikawakosa.

Nilimweleza dada haya yote jioni moja jikoni kwake. Alinisikiliza huku akichambua mboga, akauliza swali moja tu: kama daktari alijua, mbona hakumwambia? Kisha akavitoa vidonge kabatini. Siku hizi hupimwa mkojo kwa ajili ya figo, na macho kwa ajili ya dawa yenyewe. Huenda kazini amevaa kofia pana, na wanaongoja matatu pamoja naye hudhani ni pambo.