Kalamu ya Mwanafunzi na Mambo ya Kila Siku: Mfano wa Ukerewe

Aghalabu litajwapo neno historia, mawazo ya watu wengi huenda moja kwa moja kwenye vita, watawala, mikataba na tarehe za sikukuu. Mambo hayo ni historia, wala hatuna nia ya kuyapuuza. Lakini taifa haliishi kwa mambo makubwa tu. Huishi pia kwa bei ya dagaa sokoni, kwa ugomvi wa wakwe, kwa barua ya msichana aliye bwenini, na kwa manung'uniko ya mwanafunzi ambaye posho yake imekwisha kabla ya mwezi kwisha. Mambo hayo madogo yasipoandikwa hufa pamoja na walioyaona. Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi wanafunzi, wa chuo kikuu na wa kisomo cha watu wazima, walivyoandika na kubadilishana mawazo juu ya maisha yao. Tumechagua Ukerewe iwe mfano wetu, kwa sababu ni mahali pachache katika nchi yetu ambapo jambo hili laweza kuonekana wazi kama hapo.

Nansio ni makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, katika Mkoa wa Mwanza. Kisiwa cha Ukerewe ndicho kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ziwa Victoria. Upande wa mashariki mlango mwembamba wa maji hukitenga na bara, na watu huvuka kwa kivuko kati ya Rugezi na Kisorya. Atokaye mjini Mwanza hufika Nansio kwa meli. Wenyeji ni wavuvi na wakulima wa mihogo, viazi vitamu na machungwa. Mtu asiyejua angeweza kudhani kwamba kisiwa kilicho mbali hivyo na Dar es Salaam hakina neno katika historia ya maandishi. Ukweli ni kinyume chake.

Kabla ya kalamu, mawazo yalibadilishwa kwa mdomo. Kwenye pombe ya ndizi, kwenye kazi ya ujima, na jioni penye moto, wazee na vijana walizungumza, wakabishana na kupatana. Mazungumzo hayo yalikuwa shule, lakini shule isiyo na daftari. Mtu wa kwanza wa Ukerewe kuyatia katika kitabu kikubwa alikuwa Aniceti Kitereza.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisoma katika misheni ya Kagunguli kisiwani humo, kisha katika Seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini pamoja na lugha za Ulaya. Kwa elimu hiyo angeweza kuandika juu ya mambo ya mbali. Badala yake alirudi kwenye mambo ya nyumbani. Akiwa ametiwa moyo na padri mmoja wa misheni, Almas Simard, aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke waliokosa mtoto, Myombekere na Bugonoka, na mwaka 1945 akaimaliza. Humo hamna mfalme atendaye makuu. Mna mke anayechukuliwa na wazazi wake kwa sababu hajazaa, mume anayekwenda kumwomba arudi na kutozwa pombe ya ndizi, mganga na dawa zake, jembe, mtumbwi, na salamu ndefu za adabu baina ya wakwe. Kwa maneno mengine, mna maisha ya kila siku ya Wakerewe kabla ya kuja Wazungu.

Kitabu hicho hakikupata mchapaji. Lugha ya Kikerewe ilikuwa na wasomaji wachache, na mswada ulikaa miaka mingi bila kuchapishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliokuwa wakichunguza historia ya Ukerewe, walimhimiza mzee Kitereza, naye akaifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, yaani miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka 1981 Kitereza alifariki, kabla ya kuishika nakala ya kitabu chake mkononi. Na tusisahau kwamba alipata wasomaji baada tu ya kuiweka kando lugha aliyoandikia kwanza. Kiswahili kilimwokoa, lakini Kikerewe kililipa gharama yake.

Sasa na tugeuke upande wa chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria tu. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea. Katika miaka hiyo wanafunzi wake walikuwa wachache mno kwa kulinganishwa na taifa zima. Kwa hiyo kila walilolisema lilipimwa na wananchi waliokuwa wakiwalipia. Hayo yalionekana Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kuipinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, naye akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu wengi hukumbuka adhabu hiyo, lakini swali lililokuwa chini yake ndilo lenye uzito: msomi anapotoa maoni yake, husema kwa niaba ya nani?

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, baadhi ya wanafunzi walijaribu kulijibu swali hilo kwa kalamu. Chama chao cha wanamapinduzi wa Afrika, ambacho Yoweri Museveni alipata kuwa mwenyekiti wake, kilianzisha mwaka 1969 jarida lililoitwa Cheche. Miongoni mwa waliolihariri walikuwamo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, na humo Issa Shivji alitoa makala yake mashuhuri juu ya mapambano ya kitabaka nchini. Wanafunzi hawa walilichapa jarida kwa taabu na kuliuza kwa mikono yao, wakajadiliana juu ya utalii, elimu, viwanda na ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Novemba 1970 serikali ililipiga marufuku jarida hilo pamoja na chama chenyewe. Sababu iliyotolewa ni kwamba jina lake liliazimwa kutoka nje, na kwamba lilifanya watu wadhani ujamaa wa Tanzania ni wa Kirusi. Mwaka uliofuata vijana wa TANU chuoni waliendeleza mjadala katika jarida jingine, Maji Maji.

Yafaa tulitazame jambo hili bila kuficha. Mwaka huo huo wa 1970 ulikuwa umetangazwa na taifa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mkono mmoja ulikuwa ukimpa mkulima kalamu, na mkono wa pili ulikuwa ukimnyang'anya kalamu mwanafunzi wa chuo kikuu. Lakini upande wa wanafunzi nao ulikuwa na kasoro. Jina la jarida lilikuwa la Kiswahili, na karibu makala zake zote zilikuwa za Kiingereza. Mvuvi wa Nansio, aliyetetewa katika kurasa hizo, asingaliweza kuzisoma hata kama nakala ingalimfikia. Mawazo yaliyomhusu yalipita juu ya kichwa chake kama ndege wapitao juu ya ziwa.

Mwaka huo huo tena, kijana mmoja kutoka kijiji cha Namagondo, Ukerewe, alihitimu masomo yake Mlimani. Jina lake Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944. Mwaka 1971 riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka. Kezilahabi aliandika kwa Kiswahili, na aliandika juu ya kijiji chake: baba mlevi na mkali, binti aliyefungiwa mno nyumbani kisha akaenda shule bila kuijua dunia, barua ya mapenzi, mimba na majuto. Hayo ndiyo mambo ambayo wanafunzi wa kike na wa kiume walikuwa wakinong'onezana mabwenini, na wazazi hawakutaka kuyasikia. Kitabu kikazuiwa shuleni kwa muda, na baadaye kikaruhusiwa kusomwa. Mwaka 1974 mwandishi huyo alitoa diwani ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, na mabishano makali yakazuka baina ya washairi wa jadi na vijana. Tunaona basi kwamba mambo ya nyumbani, yakisemwa kwa lugha ya watu, huweza kugusa jamii kwa nguvu ileile ya makala ya siasa, na pengine kwa nguvu zaidi.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba wanafunzi wa Ukerewe walikuwa hao wa Mlimani tu. Katika hotuba yake ya kufunga mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alitaja wilaya 6 ambazo zingefuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika katika mwaka 1971. Ukerewe ilikuwa mojawapo, pamoja na wilaya kama Mafia na Kilimanjaro. Tayari tangu mwaka 1968 mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ilikuwa katika mradi wa majaribio ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO, ambao ulifundisha kusoma kwa njia ya kazi za watu wenyewe: pamba, ndizi, uvuvi na malezi ya nyumbani. Basi katika Ukerewe mama aliyetoka shambani na baba aliyetoka kutega nyavu waliketi darasani. Walimu wa shule za msingi na watu wa kujitolea waliwafundisha, mara nyingine mwalimu akiwa mdogo kuliko mwanafunzi wake.

Matokeo ya kazi hiyo katika nchi nzima yanajulikana. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika; baada ya mtihani wa taifa wa mwaka 1975 walibaki 39. Mtihani huo uliwapanga wanakisomo katika hatua 4, na aliyefika hatua ya mwisho alitakiwa aweze kusoma gazeti, kuweka hesabu zake na kuandika barua. Ili kisomo kisipotee, maktaba za vijijini zilifunguliwa, na gazeti la Elimu Haina Mwisho likatolewa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya wa mikoa ya Ziwa. Redio nayo ilikusanya watu katika vikundi: katika kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walisikiliza, wakajadiliana na kuamua la kutenda, kama vile kuchimba vyoo na kufyeka majani.

Tukiyaweka pamoja hayo yote, twapata mafunzo matatu. La kwanza ni la lugha. Kitereza alisubiri miaka 35 kwa kuwa lugha yake ilikuwa na wasomaji wachache. Wanafunzi wa Cheche walikosa wasomaji vijijini kwa kuwa lugha yao ilikuwa ya wachache. Kezilahabi aliwafikia wengi kwa Kiswahili. La pili ni la uhuru. Maoni ya kijana yaweza kuwa machungu, yaweza hata kuwa na makosa. Lakini kosa lililoandikwa hujibiwa kwa maandishi, na kosa lililonyamazishwa hubaki moyoni likichacha. La tatu ni la uhifadhi. Twajua majina ya waandishi wa Mlimani, kwa kuwa kazi zao zilichapwa. Hirji na wenzake hata waliandika kumbukumbu zao, zilizotolewa mwaka 2010. Lakini barua ya kwanza ya mama wa Ukerewe, aliyoiandika kwa mkono unaotetemeka kumpelekea mwanawe Mwanza, haikupigwa chapa. Ikiwa ingalipo, imo sandukuni, na mchwa wako karibu kuliko mwanahistoria.

Leo vijana wa Nansio hawana haja ya kwenda Dar es Salaam ili wapate chuo kikuu. Nyegezi, nje kidogo ya mji wa Mwanza, chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa na Askofu Joseph Blomjous mwaka 1960 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998, na uandishi wa habari ni miongoni mwa masomo yake. Njia za kutoa maoni zimekuwa nyingi, na kijana aweza kuandika wazo lake asubuhi na likasomwa Ukara kabla ya jua kuchwa. Lakini wepesi huo haujaondoa wajibu wa zamani. Neno linaloandikwa upesi hupotea upesi, na lisilo na tarehe wala mahali halimsaidii atakayekuja baadaye.

Kwa hiyo twawasihi walimu wawape wanafunzi wao kazi ya kuandika mambo ya kwao: jinsi nyavu zinavyoshonwa, bei za sokoni Nansio, maneno ya Kikerewe na Kikara ambayo bibi hutumia na mjukuu hayajui, mabishano ya vijana kuhusu mahari, na maoni yao juu ya shule yenyewe. Daftari hizo ziandikwe tarehe na kijiji, zisomwe darasani, zipingwe kwa adabu, kisha zitunzwe katika maktaba ya shule. Mwanafunzi asidhani kwamba maisha yake ni madogo mno kuandikwa. Mzee Kitereza alikuwa na Kilatini kichwani, lakini alipotaka kuwaachia watu wake urithi, aliandika juu ya mume, mke na wakwe zao.