Homa ya Mkojo Mweusi: Jina la Ugonjwa na Hukumu juu ya Dawa

Katika makala haya twapenda kuchunguza istilahi moja ya tiba ambayo historia yake yahusiana na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji. Homa ya mkojo mweusi ni maradhi adimu yafuatanayo na malaria: chembe nyekundu za damu huvunjika kwa wingi, mkojo ukawa mweusi kama kahawa, na pengine figo zikashindwa kazi.

Kwinini, iliyotengwa huko Ufaransa mwaka 1820 kutokana na magome ya mti wa sinkona, ilikuwamo katika mizigo ya wageni wengi. Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, alikuwa na vidonge vya kubuni mwenyewe, kwinini ikichanganywa na dawa za kuendesha tumbo.

Mwaka 1898, baada ya utafiti wake katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, Robert Koch alishikilia kwamba mkojo mweusi si malaria bali ni sumu ya kwinini. Hapo jina la ugonjwa likawa hukumu juu ya dawa. Aliyeiogopa kwinini aliweza kufa kwa malaria. Aliyeimeza ovyo aliweza kupoteza figo. (Koch mwenyewe hakuiacha: mwaka 1900 aliitumia kwa bidii huko New Guinea.)

Swali hilo halikuweza kujibiwa kitandani pa mgonjwa mmoja. Ilibidi wengi wafuatiliwe kwa miaka mingi, ndipo ikaonekana kwamba walioathirika zaidi ni wakazi wa muda mrefu waliomeza kwinini kwa kurukaruka. Klorokwini ilipochukua nafasi yake baada ya Vita Vikuu vya Pili, maradhi yakapungua sana. Mwaka 1956 ukaelezwa upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao huzifanya chembe za damu za baadhi ya watu zivunjwe na dawa fulani za malaria.

Kijerumani na Kiingereza husema "maji meusi"; Kiswahili chataja mkojo, nasi twaona kimefanya vyema, kwa kuwa chasema kilichoonekana bila kumtaja mkosaji. Mfasiri wa fomu za utafiti wa dawa hana budi kufuata njia hiyo. "Tukio" ni jambo lililompata mgonjwa baada ya kumeza dawa. "Madhara ya dawa" ni lile lililothibitishwa kuwa dawa ndiyo iliyolisababisha. Fomu isemayo "madhara" pale watafiti walipoandika tukio tu humtia mgonjwa wa Tabora hofu isiyo na ushahidi; na isemayo "tukio" pale madhara yalipokwisha kuthibitika humficha hatari anayotakiwa kuiridhia.