Mafunjo ya Nyabugogo na mzigo wa viwanda

Kigali, mji mkuu wa Rwanda, ni mji wa vilima. Kinachomwagwa juu huishia bondeni. Mwaka 1907, Mjerumani Richard Kandt alipoanzisha kituo chake Nyarugenge, mabonde ya Gikondo na Nyabugogo yalikuwa ya mafunjo. Baada ya uhuru wa 1962 mji ulipanuka, na viwanda na magereji vikateremkia Gikondo, kwenye ardhi tambarare. Rangi, betri na vyuma vina risasi, kromiamu, shaba, zinki na kadimiamu. Mvua na mifereji husukuma metali hizo kinamasini.

Mabaki ya chakula huoza yakaisha. Metali haiozi. Hutulia kwenye tope, ikaingia kwenye mimea na samaki, mwishowe kwa mlaji. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, kadimiamu huharibu figo. Nao mto Nyabugogo humwaga maji Nyabarongo, yakafika Akagera hadi Ziwa Victoria.

Njia moja ya kunasa metali hizo ni umeme, na kusafisha maji kwa umeme si jambo geni. Mwishoni mwa miaka ya 1880, William Webster alifanya majaribio Crossness, London, akipitisha umeme kati ya mabamba ya chuma yaliyozamishwa kwenye majitaka. Chuma kilimong'onyoka taratibu, kikafanya mabonge laini yaliyonasa uchafu. Leo viwanda hunasa metali kwa njia hiyo; na maji yakiwa na shaba nyingi, umeme huirudisha kwenye bamba ikawa shaba tena. Gharama ni umeme wenyewe, mabamba yanayolika, na tope lenye sumu linalohitaji pa kuhifadhiwa.

Rwanda ilichunguza njia nafuu zaidi. Mwaka 2011, utafiti wa Christian Sekomo na wenzake ulionyesha jinsi kinamasi cha Nyabugogo kinavyozuia metali, mafunjo yakizihifadhi hasa mizizini. Mwaka uliofuata, katika tasnifu yake ya Delft, Uholanzi, alijaribu kusafisha maji ya viwanda vya nguo kwa mawe ya volkeno, miani na magugumaji madogo.

Serikali imekwisha kuhamisha viwanda vya Gikondo, vingine vikaenda eneo la viwanda la Masoro, na mwaka 2022 ikafungua bustani ya Nyandungu palipokuwa na kinamasi kilichochakaa. Hatua hizo zinastahili sifa. Lakini Masoro nako maji huteremka. Metali inaswe langoni mwa kiwanda, maji yakiwa bado machache na sumu ikiwa bado pamoja. Hapo ndipo umeme unapolipa gharama yake, na mafunjo yakapumzika.