Historia ya Bima ya Magonjwa ya Akili na Ulevi, na Fundisho Lake kwa Chama Chetu



Katika mkutano mkuu ujao mtaulizwa neno moja: je, Mfuko wa Wagonjwa umsaidie mwanachama aliyeugua akili, au aliyeshikwa na ulevi akataka kutibiwa, sawasawa na vile umsaidiavyo aliyevunjika mguu? Kanuni yetu yataja "maradhi ya mwili", na hapo yakoma. Swali hili si geni duniani. Marekani walilishindania kwa muda wa miaka karibu 50, na nchi yetu nayo ililiandika katika sheria zake. Historia hiyo naieleza hapa kwa ufupi, ili kila mmoja apige kura yake akiwa anajua.

Bima ni jambo tulijualo vema, ijapokuwa huenda hatuliiti kwa jina hilo. Wengi hutoa kidogo kidogo ili yule mmoja apatwaye na shida asianguke peke yake. Lakini makampuni ya Marekani yalipoanza kuuza bima ya matibabu, yaliyagawa maradhi mafungu mawili. Wagonjwa wa akili walikuwa wakiwekwa katika hospitali kubwa za majimbo, basi makampuni yakaona kuwa mzigo huo ni wa serikali. Tena yalichelea kwamba matibabu ya akili hayana mwisho. Ulevi nao ulihesabiwa na wengi kuwa ni tabia mbaya, wala si ugonjwa. Sisi tusiwacheke, kwani hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 mahali palipotumika kuwatengea wagonjwa wa ndui, nayo ikaitwa nyumba ya wendawazimu. Nia ya siku zile ilikuwa kuwatenga watu zaidi ya kuwaponya.

Kwa sababu hiyo hati nyingi za bima za Marekani ziliweka kikomo cha siku 30 za kulazwa kwa mwaka, na mara 20 za kumwona daktari, kwa mgonjwa wa akili. Mara nyingi yeye alitakiwa kulipa nusu ya gharama kutoka mfukoni mwake, hali mgonjwa wa moyo au wa figo alilipa sehemu moja tu katika tano.

Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy aliagiza kwamba bima ya watumishi wa serikali kuu itibu akili sawasawa na mwili. Agizo lilianza kutekelezwa mwaka 1967. Lakini katikati ya miaka ya 1970 makampuni yalilalamika juu ya gharama, nayo yakaruhusiwa kurudisha vikomo. Agizo lilitolewa kwa kauli, likaondoka kwa kauli.

Baadaye walitokea Maseneta wawili, Pete Domenici wa New Mexico, wa chama cha Republican, na Paul Wellstone wa Minnesota, wa chama cha Democrat. Katika siasa walipingana karibu kwa kila jambo. Lakini Domenici alikuwa na binti, na Wellstone alikuwa na kaka yake mkubwa, waliougua akili. Mtu aliyekesha na mgonjwa nyumbani hahitaji kuelezwa sana. Kwa juhudi zao sheria ya kwanza ilipitishwa mwaka 1996, nayo ikatiwa sahihi na Rais Bill Clinton. Sheria hiyo ilikataza kampuni kuweka kima cha fedha kilicho chini kwa ugonjwa wa akili kuliko kwa ugonjwa wa mwili.

Hapo ndipo penye fundisho kubwa. Sheria ilitaja kima cha fedha, haikutaja siku za kulazwa wala mara za kumwona daktari; tena iliuacha ulevi nje kabisa. Makampuni mengi yaliitii sheria kwa neno lake, yakapunguza yale ambayo sheria haikuyataja. Wakaguzi wa serikali walitoa ripoti mwaka 2000, wakaeleza kwamba katika kila hati 100 zilizoitii sheria, hati 87 zilikuwa na sharti jingine lililomdhiki mgonjwa wa akili kuliko wagonjwa wengine. Mlango ulikuwa umefungwa, madirisha yakaachwa wazi.

Hofu ya gharama nayo ilipata jibu. Tangu mwaka 2001 bima ya watumishi wa serikali kuu ilirudishiwa usawa, safari hii pamoja na matibabu ya ulevi. Wataalamu waliichunguza, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba usawa huo, ukiambatana na usimamizi mwema, haukuongeza gharama kwa kiasi cha kutisha.

Wellstone hakuyaona hayo yote. Alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa Oktoba 2002, pamoja na mke wake na binti yake. Kazi yake iliendelezwa katika baraza la chini na Jim Ramstad, ambaye hakuficha kwamba aliwahi kuwa mlevi akapona, na Patrick Kennedy, ambaye naye aliungama hadharani maradhi yake ya akili na ya dawa za kulevya. Tarehe 3 Oktoba 2008 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria mpya yenye majina ya Wellstone na Domenici, ambayo ilikuwa imeunganishwa na mswada wa kuyaokoa mabenki. Sheria hiyo ilitaja siku, mara za kumwona daktari, malipo ya mgonjwa, na ulevi pia. Hata hivyo, ripoti ya serikali ya mwaka 2022 ilieleza kwamba makampuni yalipotakiwa kuonyesha hesabu za usawa huo, hakuna hata moja iliyoleta maelezo ya kutosha kwa mara ya kwanza.

Sasa tutazame kwetu. Wengi watashangaa kusikia kwamba Kenya iliitangulia Marekani. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilikataza kampuni ya bima kutoa hati ya maradhi inayomwacha nje mgonjwa wa akili au kumpunguzia matibabu, ikasema kwamba kufanya hivyo ni kosa. Tena ilimhesabu kuwa mgonjwa hata yule ambaye akili yake imeharibiwa na pombe au dawa za kulevya. Hayo yaliandikwa miaka 7 kabla ya sheria ya kwanza ya akina Domenici. Hata hivyo hati nyingi ziliendelea kuwa na vikomo, na wagonjwa wengi hawakujua kwamba wana haki. Mwaka 2022 Bunge liliirekebisha sheria hiyo, na haki ya bima ikatajwa tena. Haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama fedha iliyozikwa shambani.

Ndugu wanachama, mfuko wetu ni mdogo, wala hakuna askari atakayekuja kutulazimisha. Lakini mwanachama aliyeugua akili ametoa ada yake kila mwezi kama sisi. Watoto wake hula chakula kile kile, na karo yao haipungui kwa sababu ugonjwa wa baba hauonekani kwa macho. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na kanuni inayokataa kuyataja maradhi ndiyo inayowafundisha watu kuyaficha.

Kwa hiyo Halmashauri haiombi maneno matamu katika kanuni. Yaomba maneno kamili: kwamba maradhi ya akili na ya ulevi yatajwe kwa majina yao, kwamba kiasi cha msaada, muda wake, na cheti cha daktari kinachotakiwa viwe vile vile kwa wote, na kwamba mweka hazina asome mbele ya mkutano kila mwaka idadi ya waliosaidiwa na waliokataliwa, bila kutaja jina la mtu. Tukiandika hivyo, hakuna dirisha litakaloachwa wazi.